Programu ya Simu Ianze na Atakayeitumia
Hotuba kwa wakulima, wafanyabiashara wa soko na vijana wa teknolojia, Kangari



Nimeombwa nieleze jinsi programu za simu zinavyotengenezwa, na kwa nini mwananchi anafaa kuhusishwa tangu mwanzo. Nitaanza na ile ambayo karibu kila mmoja wetu anayo mfukoni: M-Pesa.

Oktoba 2005, Vodafone na Safaricom zilianza majaribio Thika, Mathare na katikati mwa Nairobi. Lengo lilikuwa kuwawezesha wateja wa Faulu, shirika la mikopo midogo, kupokea na kulipa mikopo kwa simu. Susie Lonie, aliyeongoza majaribio hayo, na wenzake walifuatilia kwa makini jinsi wateja walivyoitumia. Wakaona mambo ambayo hayakuwa kwenye mpango. Watu walitumiana pesa. Wengine walilipana katika biashara. Wengine waliweka pesa kwenye simu kabla ya safari na kuzitoa walipofika. Faulu nao waliona kwamba mfumo haukuoana vizuri na hesabu za vikundi vyao. Mpango wa mikopo ukawekwa kando, na Machi 2007 huduma ikazinduliwa nchini kote kama njia ya kutuma pesa nyumbani.

Wananchi wa kawaida, kwa matumizi yao, ndio walioonyesha kazi ya kweli ya programu ile. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Basi kazi hii hufanywaje? Kwanza, watengenezaji huja mahali penyewe. Ikiwa ni mfumo wa kurekodi majani chai, wasimame kwenye kituo cha kununulia majani wakati wa mvua, waone mchumaji mwenye mikono iliyolowa na simu ya kabambe. Ikiwa ni ada za soko, waje siku ya soko, mapema.

Pili, wanakubaliana na mteja kuhusu tatizo lenyewe. Mteja hapa ni ofisi ya kaunti, kiwanda au chama cha ushirika. Wasiketi na mkubwa peke yake. Karani anayeandika risiti na mkusanyaji wa ada nao wawe kwenye timu, kwa sababu wao ndio watakaobaki na mfumo wakati kampuni imeondoka.

Tatu, wanachora kurasa za programu kwenye karatasi na kuwapa watu wazijaribu. Kubadilisha karatasi ni kalamu tu. Kubadilisha mfumo uliokwisha kulipiwa ni pesa za umma. Huhitaji umati. Mwaka wa 2000, mtaalamu Jakob Nielsen aliandika kwamba watu watano wanatosha kufichua matatizo mengi, mradi urekebishe kisha ujaribu tena.

Nne, mfumo unaanza sehemu moja ndogo kabla ya kuenezwa kote, huku malalamiko yakipokelewa na kufanyiwa kazi.

Hatua hizi zikirukwa, anayeumia ni mwananchi. Mama mboga aliyelipa lakini malipo yake hayaonekani ataambiwa alipe mara ya pili. Mzee asiyesoma Kiingereza atampa kijana nambari yake ya siri. Mke anayechuma chai kila siku, lakini nambari iliyosajiliwa ni ya mume, hatajua kilo zake ni ngapi.

Kwa hivyo, mkiletewa mfumo mpya, ulizeni maswali manne. Nani katika sisi aliujaribu? Unafanya kazi kwenye kabambe na pasipo intaneti? Ukikosea au ukikosewa, unamwona nani, na wapi? Na habari zetu zitatumiwa kwa kazi gani? Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kujua habari zako zinatumiwaje, na haki ya kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa.

Kuuliza hivyo si ukaidi. Katiba yetu, kifungu cha 10, inataja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Na ushiriki huo si kutia sahihi kwenye orodha ya waliohudhuria tu. Ni kushika simu, kujaribu, na kusema waziwazi, "Hapa sielewi." Mtengenezaji mzuri akisikia hivyo, huchukua kalamu.