Hasira ya Ghafla na Ndoa Iliyovunjika Zamani

Mume wa Tunduma akihukumiwa kunyongwa kwa kumuua mkewe, ana siku 30 za kutoa notisi ya rufaa. Mahakama ya Rufani inapoketi Mbeya kwa kesi za ukanda huu, majaji watatu hawaiti tena mashahidi kusimulia usiku ule. Mezani kuna kumbukumbu za shauri: mchoro wa eneo la tukio, maelezo ya onyo, na ripoti ya daktari inayohesabu majeraha.

Ripoti hiyo ina uzito mkubwa. Katika rufaa namba 150 ya mwaka 1994, mahakama hiyo ilieleza mambo yanayoonyesha dhamira ya kuua: silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno ya mshambuliaji na mwenendo wake kabla na baada. Panga likishuka shingoni mara tatu, ni vigumu kusema hakukusudia.

Hapo ndipo hujitokeza utetezi wa kukasirishwa. Kifungu cha 201 cha Kanuni ya Adhabu hushusha kosa kuwa kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha, iwapo mtu aliua kwa hasira ya ghafla kabla hajapata muda wa kupoa. Aliyemfumania mkewe papo hapo ana la kueleza. Aliyetengana naye miezi, akasikia ana mtu mwingine Nakonde, kisha akamvizia njiani, muda wa kupoa aliupata. Ni haki mahakama imkatalie.

Mitaani tunayafupisha yote kuwa wivu wa mapenzi, na mjadala unaisha. Tunamwonea marehemu.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilishaweka njia nyingine ya kumaliza ndoa iliyovunjika. Kifungu cha 66 kinasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Baraza la usuluhishi linatakiwa kuwepo kila kata, na likishindwa kupatanisha hutoa cheti cha kwenda mahakamani kudai talaka. Lakini mke anayetishiwa kuuawa akiambiwa akakae tena na mumewe mbele ya wazee, anarudishwa hatarini. Kifungu cha 101 kinairuhusu mahakama kupokea ombi lake bila cheti, ikiridhika kwamba mazingira si ya kawaida. Mtendaji wa kata anayeletewa malalamiko yake anapaswa kumweleza hivyo siku ile ile.