Kabla ya Kumpeleka Soba

Msikilizaji, jijini Dar es Salaam wengi huogopa arosto, yaani mateso ya kukatisha kilevi, ya unga, wakadhani ya pombe ni kutetemeka mikono tu. Ukweli ni kwamba ya pombe ndiyo huua zaidi. Mtu aliyekunywa gongo kila siku kwa miaka, akikatishwa ghafla, anaweza kupata degedege ndani ya siku 2 za mwanzo. Kufikia siku ya 3 huenda akaweweseka, akaona visivyokuwepo, homa ikapanda na moyo ukaenda mbio. Wapo wanaofia hapo, chumbani, na kufuli limefungwa na ndugu wenye nia njema kabisa.

Kwa hiyo mlevi wa namna hiyo aanzie hospitali. Daktari atampa dawa za kutuliza, akizipunguza siku hadi siku, na vitamini B1 ya kuulinda ubongo. Msimamizi wa soba, yaani nyumba ya upataji nafuu, hata awe na huruma kiasi gani, kazi hiyo haiwezi.

Kwa heroini, yaani huo unga, njia ni nyingine. Tangu 2011 hospitali ya Muhimbili hutoa dawa ya methadoni bila malipo. Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Mwananyamala na Temeke nako kuna kliniki. Lakini methadoni haitibu pombe wala bangi, kwa hiyo mzazi wa mlevi asihangaike kupanga foleni pale.

Soba ifuate baada ya mwili kutulia. Kabla hujatoa hata shilingi, omba kuona usajili wake. Uliza mhudumu wa afya anakuja lini, nani anatunza dawa, na kama ndugu wanaruhusiwa kumtembelea. Ukiona minyororo au fimbo, ondoka na mgonjwa wako. Anayekuahidi kumponya kwa wiki moja naye muage, maana kusafisha mwili ni mwanzo tu wa tiba.

Na aliyekuwa akitumia heroini akitoka soba, mwambieni bila kumficha: mwili uliopumzika hauhimili tena kipimo cha zamani. Akirudia kete zilezile, anaweza kuishiwa pumzi na kufa siku hiyohiyo.

Kama hujui pa kuanzia, piga 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Akishikwa na degedege, usipige simu kuuliza ushauri. Mkimbize hospitali iliyo karibu.