Ziwa Limepanda, Mawe Yako Palepale

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Ijuganyondo, Bukoba)



Nimepewa dakika ishirini nizungumze juu ya usalama wa vyombo vya majini. Nadhani aliyenipangia alitazamia nisimulie habari za safari, maana kazi yangu hadi kustaafu ilikuwa kuendesha boti za mizigo kati ya Bukoba, Kemondo na visiwa vya Muleba. Nimekula chumvi nyingi, ingawa ziwa letu halina chumvi. Lakini nina hoja mbili za kuuomba mkutano huu, na hoja hizo hazieleweki bila kueleza kwanza jinsi ziwa lenyewe lilivyo. Naomba mnivumilie.

Ziwa Viktoria lina ukubwa wa kiasi cha kilometa za mraba 68,800. Kwa upana huo mtu angedhani lina kina cha kutisha. Sivyo. Kina chake kwa wastani ni kama meta 40, na mahali penye kina kirefu kabisa ni kama meta 80. Ni sinia kubwa lenye maji, si mtungi. Kwa hiyo yako mahali pengi, tena mbali na nchi kavu, ambapo jiwe limeinuka kutoka chini na kichwa chake kikaishia nusu meta chini ya uso wa maji. Sisi wa Bukoba hatuna sababu ya kushangaa. Tazameni magenge yaliyo kaskazini ya mji, tazameni Musira pale mbele ya bandari. Mwamba ule haukomi pale maji yanapoanza. Unaendelea chini, na katika Bumbire, Kerebe, Ikuza na Goziba unachomoza tena. Palipo na kisiwa, jueni kwamba pana visiwa vingine vidogo ambavyo havikufaulu kutokeza.

Sasa nasema neno ambalo vijana wengi wa injini hawalijui. Ziwa hili hupanda na kushuka. Sisemi mawimbi, nasema maji yenyewe. Mvua kubwa za mwisho wa mwaka 1961 zililipandisha, na hadi 1964 lilikuwa limeongezeka zaidi ya meta mbili. Wazee waliopo hapa wanakumbuka mashamba yaliyomezwa. Baadaye likashuka polepole kwa miaka mingi, na mwaka 2006 lilikuwa chini hata boti kubwa zikashindwa kukaribia baadhi ya magati. Mwaka 2020 likapanda tena hadi karibu na alama ile ya 1964, na mwaka 2024 pwani za ziwa zilifurika mara nyingine.

Fikirini maana yake kwa mwendesha boti. Kijana aliyejifunza kazi mwaka 2006 aliliona jiwe kwa macho. Lilikuwa nje, limekauka, ndege wamelichafua. Alilizunguka. Mwaka 2020 jiwe lile lile lilikuwa limefunikwa, na kijana mwingine aliyeanza kazi mwaka huo hajapata kuliona hata siku moja. Anapita juu yake na boti tupu, anapita salama, anasema njia ni safi. Siku moja anapita na magunia ya dagaa na abiria thelathini, boti imezama majini zaidi kwa uzito, na maji yameshuka kidogo tu kwa kiangazi. Hapo ndipo anapolijua jiwe. Wala si mawe peke yake. Maji yalipopanda yalifunika nguzo za magati ya zamani, visiki, kuta za nyumba za mialoni, hata miembe. Nguzo ya mti mgumu iliyosimama chini ya maji hutoboa ubao kama msumari.

Jambo hili si geni wala si la wajinga. Mwezi wa Novemba 1914, wakati wa vita vya Waingereza na Wajerumani, meli ya Kiingereza Sybil iligonga mwamba karibu na Majita, upande wa mashariki wa ziwa, ikaachwa pale kwenye pwani ya adui. Meli ile ilikuwa na maofisa, na ziwa lilikuwa limekwisha kupimwa na Kamanda Whitehouse wa jeshi la majini la Uingereza, yapata mwaka 1900. Ramani iliyotokana na upimaji ule iliongoza vyombo kwa miaka mingi sana baadaye. Lakini ramani huonyesha kina cha siku ile kilipopimwa. Ikiwa hujui ziwa limepanda au limeshuka kiasi gani tangu siku hiyo, umebeba picha ya mtu aliyekwisha zeeka.

Basi tunaonaje kisichoonekana? Nitawaambia tunavyofanya sisi tulioishi kwa kazi hiyo, vijana waandike.

Maji yenye mwamba karibu hubadilika rangi, na rangi huonekana vizuri jua likiwa juu au nyuma yako. Ukielekea jua la asubuhi au la jioni uso wote unang'aa na huoni kitu, kwa hiyo punguza mwendo. Pepo zikiwa zimetulia na ukaona mahali pamoja maji yanakunjamana au wimbi linavunjika peke yake, kuna kitu chini. Ukiona mnandi amesimama katikati ya ziwa, hakusimama juu ya maji. Ukikaribia mwalo usioujua, au uliokaa mwaka bila kufika, zima injini kubwa, weka mtu mbele na mti mrefu apime, ingia kwa kasia. Na kabla ya yote, uliza. Muulize mvuvi anayetega nyavu mahali pale jana na juzi, si yule mzee maarufu aliyeacha kazi miaka kumi iliyopita. Mimi mwenyewe sasa ni mzee huyo. Msiniulize mimi njia ya Kerebe.

Nyavu nazo ni hatari iliyojificha. Kamba ya nyavu ikijisokota katika pangaboi, injini inasimama, na boti isiyo na nguvu hugeuka ubavu kwa mawimbi. Watu wengi hufanya kosa lile lile: wanakimbilia nyuma wote kutazama injini, nyuma inazama, wimbi linaingia. Abiria wakae chini walipo. Kwanza tupeni nanga kwa mbele; kama kina kimezidi kamba, fungeni ndoo au turubai kwenye kamba na kuliburuta kutoka mbele, ili pua ya boti ielekee kwenye upepo. Ndipo mtu mmoja ashughulikie injini kwa kisu. Vivyo hivyo kwa magugu maji, ambayo tumekuwa nayo tangu yapata mwaka 1990. Yale majani mazuri ya kijani hubeba magogo chini yake. Usiyapasue kwa kasi kana kwamba ni povu.

Na mkigonga? Usirudishe injini nyuma kwa pupa. Boti iliyokaa juu ya jiwe haizami; boti iliyovutwa kutoka juu ya jiwe ikiwa na tundu huzama. Tazameni tundu kwanza, lizibeni kwa nguo, godoro, chochote. Ikiwa imepinduka, shikeni boti yenyewe. Boti ya mbao huelea hata ikijaa maji. Anayejiona hodari wa kuogelea akaiacha kwa sababu anaona taa za nchi kavu, mara nyingi ndiye asiyefika. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa vizuri huweza kumwinua mtu mzima na zaidi, maana majini mwili wetu una uzito mdogo sana. Lakini lazima liwe tupu na karibu, si limejaa mafuta ya taa chini ya shehena.

Sasa nifike kwenye saa ya kusafiri, na hapa ndipo hoja yangu ilipo.

Boti nyingi kutoka visiwani huondoka usiku ili zifike sokoni alfajiri. Jioni ziwa limelala, nyota zinaonekana, kila mtu anasema usiku huu ni mwema. Lakini mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo hutoka ziwani kuja kwetu. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, ziwa hubaki na joto lake, na pepo za pande zote huteremka kwenda katikati ya ziwa, zinakutana, zinapanda juu na kuzaa mawingu ya radi. Kisha upepo wa mashariki huyasukuma mawingu hayo upande wetu wa magharibi. Ndiyo sababu Bukoba hupata mvua ya kiasi cha milimeta 2,000 kwa mwaka, tena nyingi za alfajiri na asubuhi, wakati Musoma ng'ambo ya pili haipati hata nusu yake. Mababu zetu walisema ni Mugasha amekasirika. Sina ugomvi nao, maana saa za hasira yake walizijua vizuri kuliko vijana wenye simu. Na katika giza na mvua, rangi ya maji haionekani, mnandi haonekani, wimbi linalovunjika juu ya jiwe linafanana na mawimbi mengine yote.

Nani wamo katika boti hizo? Wakati shule zinapofunguliwa wamo watoto wenye masanduku. Katika shule nyingi za nchi yetu mwanafunzi anayechelewa siku ya kufungua hupokelewa kwa adhabu. Mtoto wa mjini akichelewa ni uvivu, sawa. Lakini mtoto wa Goziba anayejua kwamba Jumatatu asubuhi atasimamishwa mbele ya wenzake atamsihi mwenye boti aondoke Jumapili usiku hata kama mawingu yanawaka. Mzazi naye atamsihi. Na mwenye boti ana nauli mfukoni. Nimesikia maombi ya namna hiyo mwaloni mara nyingi, na nakiri kwamba ni vigumu kumkatalia mtoto anayelia kwa ajili ya shule.

Hakuna familia ya Kagera inayohitaji kuelezwa na mimi habari za tarehe 21 Mei, 1996. m.v. Bukoba iliondoka hapa, ikapita Kemondo, ikapinduka ikiwa karibu kufika Mwanza. Ilijengwa kwa abiria 430. Waliokufa ni zaidi ya 800. Iliendelea kuelea kifudifudi kwa hewa iliyonaswa tumboni mwake, ikatobolewa ili kuwatoa watu, hewa ikatoka, ikazama. Wengi wamezikwa Igoma. Tarehe 20 Septemba, 2018, m.v. Nyerere, kivuko cha watu 101, kilipinduka hatua chache kabla ya gati la Ukara, na watu zaidi ya 220 wakafa. Sikuvitaja vyombo hivi kwa sababu ya mawe, havikugonga jiwe. Navitaja kwa sababu vyote viwili vilizama karibu na mwisho wa safari, mahali ambapo abiria wanaona pwani na hakuna anayefikiri juu ya jaketi. Hata ndege ile iliyoanguka ziwani hapa Bukoba tarehe 6 Novemba, 2022, ilikuwa inakaribia kutua. Watu 24 kati ya 43 waliokolewa, na wa kwanza kuwafikia walikuwa wavuvi wenye mitumbwi.

Basi hoja ya kwanza. Naomba Chama chetu kimwombe Mkuu wa Shule aweke kanuni iliyoandikwa, isomwe kwa wazazi, kwamba mwanafunzi anayevuka ziwa anaruhusiwa siku tatu baada ya kufungua bila adhabu na bila maswali. Siku tatu, kwa sababu dhoruba zetu mara chache hushika zaidi ya hapo. Najua wapo watakaosema baadhi watazitumia siku hizo kuvua sato. Na wavue. Watapungukiwa somo la hesabu, watalirudia.

Hoja ya pili ni ya fedha, na najua haitapendwa na kila mtu. Tumechanga kwa ajili ya lango jipya la shule. Nimeiona michoro, ni nzuri. Naomba lango lingoje, na fedha hizo zinunue majaketi ya kuelea, yawekwe shuleni, kila mwanafunzi wa visiwani aandikishwe na kupewa lake siku ya kufunga, alirudishe siku anayofika. Si ya kuwekwa chini ya magunia. Avae kabla boti haijasukumwa. Orodha ya wanaovuka anayo mwalimu wa malezi, si ndefu, na fedha zinatosha na kubaki. Kitakachobaki kianze tena lango.

Ndugu Mwenyekiti, nimeziandika hoja zote mbili kwenye karatasi hii. Naomba mwenzangu mmoja aniunge mkono ili zipigiwe kura kabla ya chakula, maana wenzetu wa Muleba wanataka kuondoka mapema, na upande wa Musira kumeanza kuwa kweusi.