Tuweke Kioo Gani?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya kukutana shuleni)



Nimeombwa niseme machache juu ya kabati la michezo ambalo vijana wa klabu ya fizikia wanalijenga, mfano wa zile mashine za kutumbukiza sarafu zilizoenea duniani baada ya Space Invaders kutoka Japani mwaka 1978. Mbao wanazo. Kompyuta ndogo wanayo, na programu ya MAME, iliyoanza mwaka 1997 kuiga mashine hizo, wameshaiweka. Lililobaki ni kioo, na hapo ndipo penye ubishi. Nasikia wako wanaotaka kuzipasua zile televisheni mbili za chogo tulizopewa zawadi, wachukue kioo chake.

Kwanza nikiri kosa langu. Nilipojenga kabati nyumbani nilinunua kioo bapa kipana, nukta 1920 kwa 1080, kwa sababu muuzaji alikisifu sana. Nikawasha Pac-Man, mchezo wa mwaka 1980. Mchezo ule ulichorwa kwa kioo kilichosimama wima, nukta 224 kwa upana na 288 kwa urefu. Kwangu ukasimama katikati kama mtu mwembamba mlangoni mwa ghala, na zaidi ya nusu ya kioo ikabaki nyeusi. Tena, 1080 ukigawanya kwa 288 unapata 3.75. Kioo hakina robo tatu ya nukta. Basi mistari mingine ilinenepa na mingine ikakonda. Mke wangu aliuliza kama mchezo unaumwa.

Dawa niliipata kwenye mnada wa vifaa chakavu vya ofisi (mnada wa wazi, ndugu zangu, na risiti ninayo). Vile vioo vya kompyuta vya inchi 17, ambavyo si vipana, vina nukta 1280 kwa 1024. Kisimamishe kimoja wima, kisha uzidishe kila nukta ya Pac-Man mara nne: unapata 896 kwa 1152. Inaingia yote, na ukingo mdogo tu unabaki pembeni. Michezo iliyolala, kama Street Fighter II ya 1991, itataka kioo kilicholala. Kwa hiyo amueni mchezo kwanza, halafu ndipo mpime mbao.

Lakini mnadani pia nilijikwaa. Vioo vingi vya bei nafuu vya wakati ule hupoteza rangi ukivitazama kutoka juu au chini. Ofisini hilo halikuonekana, maana karani hukaa mbele ya kioo chake. Ukikisimamisha wima, juu na chini hugeuka kulia na kushoto, na wachezaji wawili husimama bega kwa bega. Mwanangu aliona picha safi. Binamu yake akaona giza, akashindwa, wakagombana. Kabla ya kulipa, washa kioo, kigeuze, usimame kila upande. Aina iitwayo IPS haina ugonjwa huo kwa kiasi kikubwa.

Sasa hizi televisheni za chogo. Wazee wanaosema picha yake ni tamu zaidi hawasemi uongo. Michezo ile ilichorwa kwa ajili yake, na haicheleweshi mkono, ilhali televisheni bapa nyingi hutengeneza picha upya kabla ya kuionyesha, na mchezaji huruka shimo akiwa ameshatumbukia.

Hata hivyo, vijana wangu, msizifungue. Ndani mna umeme wa volti 20,000 na zaidi, na kioo chenyewe huweza kuutunza hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Nilipokuwa na umri wenu nilifungua moja iliyokuwa imezimwa tangu jana yake. Nilirushwa hadi kwenye kabati la vyombo, na mkono wa kushoto ulikufa ganzi mpaka jioni. Nilikuwa peke yangu nyumbani. Mama sikumwambia; leo ndiyo mara ya kwanza naisema mbele ya watu.

Kama mnaipenda picha yake, itumieni nzima, mfuniko wake ukiwa umefungwa, mkiunganisha waya kwenye matundu ya nyuma, kwa michezo iliyolala tu. Msiilaze ubavu: rangi huweza kuharibika na hewa ya kupoza huzibwa. Pia hakikisheni inakubali picha 60 kwa sekunde, maana za kwetu nyingi zilitengenezwa kwa 50. Na rafu iwe ya mbao nene, kwani ile ya inchi 21 yapita kilo 20.

Kwa kabati hili nimeleta kimoja cha vile vioo vya inchi 17, cha aina njema, nimekikabidhi kwa mwalimu wa fizikia. Zile televisheni namwomba azifungie stoo leo hii, kabla hatujaenda kula.