Motokaa Iliyomkataa Mwenyewe

Leo nataka kuwaeleza habari ya motokaa yangu. Si habari ya kujisifu.

Ilikuwa Alhamisi, yapata saa tatu ya usiku. Jirani yetu, ambaye ni mzee wa kanisa, alikuja akibisha mlango kwa nguvu. Binti yake alikuwa ameshikwa na uchungu wa kuzaa, na kutoka kwetu huku vilimani Taita mpaka hospitali ya Wundanyi njia ni ya kona na matope. Nikachukua ufunguo, nikatoka hata viatu sijavifunga. Nilipouzungusha, stata ilivuta vizuri kabisa, injini ikawaka, ikanguruma kwa muda wa sekunde moja au mbili, ikazimika. Nikarudia. Ikawaka, ikazimika. Mara ya tano, mara ya sita, mambo yakawa yale yale. Yule binti alikuwa ameketi kiti cha nyuma tayari, amemshika mama yake mkono, nami nikisikia pumzi zake nyuma ya shingo yangu.

Mwisho tulimpata mwalimu mmoja mwenye pikapu, lakini saa nzima ilikuwa imekwisha kupita. Mtoto alizaliwa salama alfajiri, namshukuru Mungu. Ninalotaka kuwaambia ni jambo nililolifanya katika ile saa moja ya kungoja.

Yuko kijana wa shule anayeishi na nyanya yake karibu na kanisa. Anaimba katika kwaya yetu, na kila Jumatano alikuwa akiniosheapo gari nami nampa kitu kidogo cha kununulia madaftari. Usiku ule alikuja pamoja na wengine waliposikia kelele, akasimama ananimulikia kwa tochi. Basi mimi, kwa hasira na kwa hofu, nikamgeukia mbele ya watu wote, nikasema, "Wewe ndiwe uliyemwaga maji kwenye injini jana. Sasa ona!" Akajibu kwa sauti ndogo, "Mchungaji, sikufungua boneti." Nikamwambia asinijibu.

Ijumaa nilimwita fundi wa karibu, nikamweleza kwamba maji yameingia kwenye injini. Fundi ukimtajia ugonjwa, mara nyingi atautibu ugonjwa uliomtajia. Alikausha nyaya, akabadilisha plagi zote, nikamlipa. Gari likawaka, likazimika. Jumamosi mwingine akashauri tununue pampu ya petroli. Bahati nzuri fedha zilikuwa zimeniishia. Jumapili nilikwenda kanisani kwa miguu, na katika safu ya kwaya nafasi ya yule kijana ilikuwa wazi.

Jumatatu akapanda kutoka Voi mzee mmoja, fundi wa umeme wa magari. Nilianza kumpa ile hadithi yangu ya maji. Akainua mkono, akasema, "Mchungaji, usiniambie imekuwaje. Washa tu, niangalie." Wala hakwenda kwenye boneti. Aliinama dirishani, akatazama dashibodi.

Nikawasha. Injini ikanguruma, ikazimika. "Umeiona taa ile?" akauliza. Ilikuwa taa ndogo nyekundu yenye mfano wa gari na ufunguo, inapepesa upesi upesi. Ilikuwa ikipepesa tangu Alhamisi usiku, wasikilizaji wangu, nami sikuiona, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kujua kosa ni la nani.

Basi akanifafanulia, na kwa kuwa wengi wetu leo tunaendesha magari ya namna hii, nitawaeleza kama alivyonieleza. Motokaa za zamani ziliridhika na meno ya ufunguo tu. Meno yakilingana, gari linawaka, hata kama aliyeushika ni mwizi. Kwa ajili ya wizi huo watengenezaji wakaweka mlinzi wa pili. Uingereza, tangu Oktoba 1998, kila gari jipya la abiria lilitakiwa liwe naye, na Kanada wakaagiza vivyo hivyo tangu Septemba 2007. Mlinzi huyu hukaa mahali pawili. Ndani ya kile kichwa cha plastiki cha ufunguo mna chipu ndogo sana, ambayo haina betri yake. Na pale unapotia ufunguo, tundu limezungukwa na pete ya waya uliosokotwa. Ukizungusha ufunguo, pete ile hutoa mawimbi, katika magari mengi mitetemo kama 125,000 kwa sekunde, na nguvu ya mawimbi hayo ndiyo inayoiamsha chipu. Chipu ikiamka hujibu kwa namba yake ya siri. Kompyuta ya gari ikiitambua namba hiyo, petroli huendelea kuingia. Isipoitambua, hukata petroli, na katika magari mengine hata stata haivuti. Mawimbi hayo hayafiki mbali. Ni mwendo wa vidole vichache tu, ndiyo sababu ufunguo hauna budi kuwa pale pale tunduni.

"Kwa hiyo," akasema yule mzee, "stata inavuta kwa nguvu, basi betri ni nzima. Injini inawaka kwanza, basi plagi na pampu ni nzima. Maji yangeingia, isingewaka upesi hivi. Gari lako halina ugonjwa. Linasema halikujui." Halafu akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameliuliza kwa siku nne. "Ufunguo wa pili uko wapi?"

Mama watoto aliuleta kutoka kwenye mkebe wa sukari, anamouweka asiupoteze. Tukautia. Gari likawaka, likaendelea kuwaka, taa ikazimika. Fundi akatabasamu. Kwa ufunguo ule mmoja alikuwa amekwisha kuiondolea lawama ile pete ya waya, na nyaya zake, na kompyuta. Kosa lilikuwa limebaki upande wa ule ufunguo wa kwanza.

Nilidhani sasa ataupasua aitazame chipu. Lakini aliushika tu mkononi, akazigeuza funguo zilizokuwa juu ya pete moja nao. "Na huu mwingine ni wa nini?"

Ulikuwa ufunguo wa gari la parishi. Dereva wetu alikwenda likizo Jumatano jioni, akanikabidhi, nami nikautia kwenye pete ile ile pamoja na wangu. Nao pia una chipu katika kichwa chake. Fundi akautoa. Akawasha kwa ufunguo wangu, gari likaendelea kunguruma. Akaurudisha kwenye pete, ukawa unaning'inia karibu na tundu. Likazimika. Alifanya hivyo mara tatu, ili, alivyosema, tusidanganyane. Gari lilikuwa likiuliza, "Nani huyo?" na chipu mbili zikijibu kwa wakati mmoja, kila moja na namba yake, hata lisisikie neno kamili kwa yeyote.

Nilikaa chini kwenye kibaraza. Ile Jumatano ambayo kijana aliosha gari ndiyo Jumatano ambayo mimi, kwa mkono wangu, niliutia ufunguo wa pili kwenye pete. Nilikumbuka la kwake. La kwangu halikunijia kabisa. Katika chuo cha theolojia tulifundishwa kwamba ukienda kumzuru mgonjwa, sikiliza kwanza, usiende na majibu mfukoni. Nimeifanya kazi hii miaka mingi, na nilidhani fundisho lile nimelishika.

Kabla hajaondoka fundi alinipa maneno mengine ya faida. Kama ganda la ufunguo limevunjika na unahamishia meno kwenye ganda jipya, itafute kwanza ile chipu katika ganda la kuukuu. Watu wengi huitupa pamoja na taka wakidhani ni kipande cha plastiki, kisha hushangaa meno yanalingana na gari linakataa. Wenye magari ya kuwasha kwa kitufe, ambayo ufunguo hukaa mfukoni, huo wao una betri ndogo ya duara kama sarafu, na betri hiyo ikiisha gari halitausikia. Hata hivyo katika mengi ya magari hayo ukiugusisha ufunguo kwenye kitufe chenyewe na kukanyaga breki, litawaka, kwa maana ndani mna ile chipu isiyohitaji betri. Na karibu na minara mikubwa ya redio funguo za namna hiyo huweza kusumbuka, ingawa siamini kwamba ni sauti yangu hii inayowazuia ninyi kuondoka asubuhi. Tena, ukinunua gari lililotumika likaja na ufunguo mmoja tu, kama yajavyo mengi kutoka Japani, tengeneza wa pili ungali na wa kwanza. Kumfundisha mlinzi ufunguo mpya ni rahisi ukiwa na ule anaoujua. Ukiupoteza, kazi na gharama huwa kubwa zaidi sana.

Jioni ile ile nilikwenda kwa yule kijana. Nilimkuta jikoni na nyanya yake, wakanipa kigoda. Nikamweleza yote, ufunguo na pete na Jumatano, nikamwomba msamaha. Akaitika, "Haya, Mchungaji," huku akitazama moto. Nyanya yake hakusema neno mpaka nilipoinuka kwenda zangu. Ndipo aliposema, "Mchungaji, yale maneno uliyasema mbele ya watu. Mbona haya umekuja kuyasema jikoni?"

Sikuwa na jibu. Jumapili iliyofuata, kabla ya mahubiri, nilisimama na zile funguo mbili mkononi, nikawasimulia washiriki kama nilivyowasimulia ninyi sasa. Yule mzee jirani alikuwapo, na binti yake, na mtoto amelala begani. Kijana alikuwa ameketi nyuma kabisa, karibu na mlango, pamoja na nyanya yake.

Katika kwaya amekwisha kurudi. Ufunguo wa gari la parishi sasa unatundikwa kwenye msumari ofisini. Gari langu hajaliosha tena, nami sijamwuliza. Jumatano naliosha mwenyewe.