Mafuta Yamo Ndani ya Mbegu

Leo sitazungumzia salfa ya mikorosho wala palizi. Nataka tuzungumze juu ya sufuria ya jikoni na moyo wa mkulima.

Shinikizo la damu, ule ugonjwa tunaouita presha, pamoja na kiharusi, si magonjwa ya watu wa mjini peke yao. Yapo vijijini mwetu. Mtu aliyepatwa na kiharusi hapalilii wala hapandi, na watu wa nyumbani huacha shamba ili wamwuguze. Kwa hiyo jambo hili ni la kilimo pia.

Hebu tutazame mavuno yetu yanakwenda wapi. Mkulima anavuna ufuta, karanga, mbaazi na korosho. Anauza zote. Halafu fedha ile ile anaipeleka dukani kununua mafuta ya chupa ya kukaangia maandazi, chapati na mboga. Je, hapo amepata faida?

Ndugu msikilizaji, karibu nusu ya uzito wa karanga, korosho au ufuta ni mafuta. Lakini ndani ya mbegu mafuta hayo yamefuatana na vitu vingine vya kujenga mwili. Gramu 100 za karanga zina kama gramu 25 za protini, na tena zina nyuzinyuzi na madini. Mafuta ya chupa ni mafuta matupu. Kijiko kikubwa kimoja kina nguvu ya kalori kama 120, lakini hakina protini wala nyuzinyuzi. Mafuta ya mawese, ambayo huingizwa nchini kwa wingi, yana pia aina ya mafuta yanayoongeza lehemu katika damu. Lehemu ikizidi hujikusanya katika kuta za mishipa, njia ya damu ikawa nyembamba, na moyo ukataabika.

Ushahidi mmoja uko hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1959 madaktari Shaper na Jones walichapisha taarifa juu ya Uganda. Waliona kwamba ugonjwa wa kuziba kwa mishipa ya moyo ulikuwa karibu haupo kwa Waafrika wa huko, na lehemu katika damu yao ilikuwa ndogo. Watu hao walikula zaidi ndizi, viazi, muhogo na vyakula vingine vya shambani, na mafuta kidogo. Ni kweli, walitembea na kulima pia. Mambo hayo yote yanakwenda pamoja.

Wataalamu hawakubaliani kwamba kila mtu lazima aache mafuta kabisa. Lakini wanakubaliana kwamba mikunde, mboga za majani, nafaka zisizokobolewa na karanga zinausaidia moyo.

Basi, tupikeje bila mafuta? Mama zetu wanajua tangu zamani. Kisamvu kitwangwe vizuri na kuchemshwa mpaka kiive kabisa, maana kikiwa kibichi kina sumu. Kisha tia karanga zilizotwangwa, koroga ili zisishike chini, uache moto mdogo. Hapo hakuna haja ya mafuta ya dukani. Majani ya kunde na ya maboga ni hivyo hivyo. Mafuta ya karanga yanausaidia mwili kupokea vitamini A iliyomo katika majani.

Mbaazi kavu ziloweke usiku kucha, umwage maji yale, uzichemshe. Kuni zitapungua. Kitunguu na nyanya vichemshe kwa maji kidogo badala ya kuvikaanga, kisha mimina tui la korosho. Korosho zilizovunjika zinafaa kabisa kwa kazi hii. Kula kwa ugali wa mtama, muhogo au ming'oko ya kuchemsha. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu mzima kwa siku nzima, kwa sababu chumvi nyingi hupandisha presha.

Sasa nakuja kwenye ghala. Mnakumbuka mwaka 2017, India ilipoweka kikomo cha mbaazi za kuingia nchini mwake, bei ilivyoanguka huku kwetu. Gunia lilikosa mnunuzi wa maana. Lakini mbaazi ile ile, yenye protini karibu gramu 22 katika kila gramu 100, thamani yake chunguni haikushuka hata senti moja. Kwa hiyo nashauri: kabla ya kuuza, kaeni mume na mke, mkadirie chakula cha nyumba mpaka mavuno yajayo, mkitenge. Kinachobaki ndicho cha kuuza. Msimu ujao pandeni karanga za kula, kama vile Masasi 2009 au Mangaka 2009, mbegu zilizotoka Naliendele. Zianikeni zikauke sawasawa. Zenye ukungu zitupwe, zina sumukuvu.

Mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, watoto wadogo wasinyimwe mafuta. Uji wao utiwe karanga au korosho zilizosagwa laini. Pili, anayeacha kabisa nyama, samaki, mayai na maziwa amwone mganga juu ya vitamini B12, maana mimea haina. Tatu, mwenye dawa za presha asiziache kwa sababu amebadili chakula. Aendelee kunywa dawa, na apimwe katika zahanati. Hata asiyejisikia vibaya akapimwe, kwa kuwa presha mara nyingi haina dalili.

Wazee wetu mnakumbuka kampeni ya redio ya mwaka 1975, Chakula ni Uhai. Watu walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza, wakajadiliana. Nawaomba jioni ya leo mjadiliane hivyo nyumbani: katika mavuno ya mwaka huu, magunia mangapi yatabaki kwa chakula?