NJOO KESHO: FUNDI, MUUZAJI NA SAUMU YAKE

(Mawaidha haya yalitolewa kwa vijana na wazazi Kitale baada ya swala ya Alasiri, na yakarudiwa Bungoma wiki iliyofuata. Tumeyaandika kama yalivyosemwa, tukayafupisha kidogo.)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), watu wa nyumba yake na maswahaba wake wote.



Ama baada ya hayo. Mwezi huu tumesikia mengi juu ya fadhila za kufunga, tarawehe na zaka, Alhamdulillah. Mimi nimeombwa nizungumze juu ya kazi. Nimechagua jambo dogo ambalo kila nyumba hapa inalijua. Redio imeharibika, simu imezima, TV imekataa kuwaka. Unaipeleka kwa fundi au unairudisha dukani. Je, unapokewa vipi? Na sisi wenye vibanda na maduka, tunawapokea watu vipi?

Najua kuna mtu anasema moyoni, "Ustadh, hayo ni mambo ya soko, si ya msikiti." Haya, wacha nianze na kisa changu mwenyewe, halafu mtaamua nyinyi.

REDIO YA NYANYA

Nilikuwa fundi kijana Bungoma mjini. Kibanda kidogo, meza moja, chuma cha kulehemu na rundo la redio za watu. Siku chache kabla ya Ramadhani akaja nyanya mmoja kutoka upande wa Chwele. Akafungua leso, akatoa redio yake ndogo ya betri. Akaniambia, "Mjukuu wangu, hii ndiyo hunitangazia mwezi umeandama. Kwetu Waislamu ni wachache, hakuna wa kuniambia."

Nikaifungua mbele yake. Waya mmoja tu ulikuwa umekatika pale betri zinapokaa. Kazi ya dakika kumi. Lakini nilikuwa na kazi nyingine mkononi, nikamwambia, "Iache hapa kukhu, njoo kesho."

Kesho yake akaja. Sikuwa nimeigusa. Nikamwambia nimeagiza spea kutoka Kisumu, aje Ijumaa. Hakukuwa na spea yoyote iliyoagizwa. Ijumaa akaja, nikamwambia gari la mizigo limechelewa. Katikati hapo akaja mteja mwingine, ana haraka na ana pesa mkononi, redio yake ni aina ile ile na spika imepasuka. Nikang'oa spika ya nyanya nikamwekea. Nafsi ikaniambia nitanunua nyingine. Sikununua.

Mara ya nne nyanya alipokuja nikamwambia, "Kukhu, hii imekufa kabisa, haitengenezeki." Akaichukua, akaifunga kwenye leso yake, akasema, "Basi, ni kudra ya Mungu." Akaenda zake. Nauli ya kwenda na kurudi mara nne! Ramadhani ilikuwa imeshaingia, yeye amefunga na mimi nimefunga. Jioni nilikula futari yangu nikasema Alhamdulillah kama kawaida.

REDIO MOJA, ALAMA TATU

Kuna hadithi ambayo watoto wetu wa madrasa wanaijua kwa moyo. Imepokewa na Bukhari na Muslim, kwamba alama za mnafiki ni tatu: akizungumza husema uongo, akiahidi huvunja ahadi yake, na akiaminiwa hufanya khiyana. Miaka kadhaa baadaye nilikuwa nimekaa darsani, sheikh akawa anazihesabu kwa vidole. Nikahesabu pamoja naye. Uongo, ile spea ya Kisumu. Ahadi, njoo kesho. Amana, ile spika. Zote tatu nilizitia kwenye redio moja, tena mchana wa Ramadhani.

Na katika Bukhari iko hadithi nyingine, kwamba mtu asiyeacha maneno ya uongo na kuyatenda, Mwenyezi Mungu hana haja na kuacha kwake chakula na kinywaji. Sisi tukiisikia tunafikiria uongo mkubwa mkubwa, wa mahakamani na wa siasa. "Njoo kesho" tumeizoea mpaka hatuihesabu. Kusema kesho si vibaya kama ni kesho kweli. Ubaya ni kulitumia neno hilo ili mtu aondoke tu mbele yako, na huku unajua kesho atakuta vile vile.

Hapa Kitale wateja wanatoka Endebess, Kwanza, hata Kapenguria. Bungoma wanatoka Sirisia na Malakisi. Kila "kesho" yako ni nauli ya mtu na siku yake ya shamba. Hiyo pesa huioni kwa sababu haiingii mfukoni mwako, lakini wewe ndiye uliyeitoa mfukoni mwake.

AIBU YA BIDHAA

Sasa nije kwa wenzangu wauzaji, maana leo mimi nina duka hapa Kitale na naisemesha nafsi yangu kwanza. Wakulima wa Trans Nzoia wakishauza mahindi ndipo wananunua TV. Ni pesa ya msimu mzima. Wiki ya pili TV imezima. Anairudisha, unamwonyesha kibao ukutani: BIDHAA IKIUZWA HAIRUDISHWI.

Ndugu yangu, katika fiqhi kuna kitu kinaitwa khiyari ya aibu. Ukinunua kitu, kisha ukagundua kina kasoro iliyokuwemo tangu kwa muuzaji na hukuambiwa, una haki ya kukirudisha na kupewa pesa zako. Na kwa madhehebu yetu ya Shafii unatakiwa uirudishe mara tu unapoijua, usikae nayo mwezi mzima ukiitumia. Neno "aibu" la Kiswahili limetoka huko huko, kwa Kiarabu maana yake ni kasoro. Kasoro ya bidhaa ukiificha inageuka kuwa aibu yako wewe. Kibao cha ukutani hakiifuti kasoro uliyoijua ukanyamaza.

Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono kwenye rundo la nafaka, vidole vikapata maji. Mwenye nafaka akasema imenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile mbichi juu watu waione, kisha akasema kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Tazameni, hakumlaumu kwa mvua. Alimlaumu kwa kuificha. Vivyo hivyo mteja hawezi kukulaumu kwa sababu kiwanda kimekosea, lakini atakulaumu kwa yale uliyoyajua. Simu ya mitumba umeiuza kama mpya. Betri imechoka ukasema ni nzima. Kioo ni cha feki ukasema ni orijino.

Imam Abu Hanifa, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mfanyabiashara wa nguo huko Kufa. Imesimuliwa kwamba mshirika wake aliuza nguo yenye kasoro akasahau kumwambia mnunuzi, na mnunuzi hakupatikana tena. Imam akaitoa sadaka pesa yote ya mauzo yale. Sisi tungesema, bahati, ameshaenda!

Na hata kama bidhaa haina kasoro, mtu amejuta tu, kuna fadhila ya kumkubalia arudishe. Imekuja katika hadithi ya Abu Daud na Ibn Majah kwamba anayemkubalia Muislamu kuvunja mauzo, Allah atamsamehe kuteleza kwake Siku ya Kiyama. Nani kati yetu hajateleza?

NA FUNDI AKIHARIBU?

Vijana huniuliza, je, kitu kikiharibikia mikononi mwa fundi, nani analipa? Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu fundi ambaye hakuzembea. Imepokewa kwamba Sayyidna Ali (R.A.) aliwatoza mafundi, akiona kwamba watu hawatatengenea bila hivyo. Madhehebu ya Shafii kauli yenye nguvu ni kuwa halipi kama hakuzembea. Lakini fundi aliyezembea au aliyevuka mpaka, huyo analipa, hakuna mjadala. Kwa hiyo mimi niliyeng'oa spika nina deni, tena si la kusamehewa kwa istighfari peke yake mpaka mwenyewe apate haki yake.

SHERIA YA NCHI NAYO

Msidhani ni dini peke yake. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma za kiwango kinachofaa, kupewa habari anazohitaji, na kulipwa fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Ikafuata Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012. Malalamiko yanaweza kupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Iko pia korti ya madai madogo, iliyoanza Nairobi 2021 na kuenea miji mingine. Inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na inatakiwa iamue ndani ya siku 60. Kuna wazee huniuliza kama wapeleke kesi ya TV kwa Kadhi. Hapana mzee wangu, kwa Katiba hiyo hiyo Kadhi anaamua mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu baina ya Waislamu.

Lakini haki bila risiti ni kelele tu. Mnakumbuka mwisho wa Septemba 2012, serikali ilipozima simu za bandia? Simu zaidi ya milioni 1 zilinyamaza. Watu walikuwa wanabonyeza *#06# kutazama namba ya simu, kisha wanaituma 1555 kujua kama ni halali. Walioambiwa ni feki walirudi dukani. Mwenye risiti alikuwa na la kusema. Asiye nayo aliambiwa, "Hukununua hapa." Na aliyesema hivyo huku anamkumbuka mteja wake vizuri, Mwenyezi Mungu naye hakusahau.

SIMU NI NYUMBA YA MTU

Hili ni la vijana hasa. Simu ya leo si ya kupiga tu. Kuna picha za mke wa mtu na watoto wake, kuna jumbe zake, kuna M-Pesa yake. Akikuachia na namba yake ya siri ili ujaribu kioo, amekupa ufunguo wa nyumba. Fundi anayefungua picha na kuwaita wenzake waje waone, huyo ameingia nyumba ya mtu bila idhini. Jaribu ulichoambiwa ujaribu, funga. Kama kazi haihitaji laini wala memori kadi, mrudishie kabla hajaondoka.

MTEJA NAYE

Tusiwaonee mafundi peke yao. Mteja simu imeanguka kwenye karai la maji, anakuja anasema, "Ilizima tu yenyewe." Fundi anahangaika siku mbili akitafuta kasoro isiyokuwepo. Huo pia ni uongo, na saumu ni moja. Mwingine analeta redio, ikishatengenezwa haji kuichukua mwaka mzima, na fundi ameshanunua spea kwa pesa yake. Na fundi naye asiiuze kienyeji. Kuna sheria ya vitu visivyochukuliwa, Sura ya 38, inayotaka mwenyewe apewe notisi kwanza.

TUFANYE NINI?

Nayasema haya kwa ufupi, tuyaanze hata kabla ya Idi:

1. Kila kitu kinachoingia kibandani kiandikwe: jina, namba ya simu, tarehe, ugonjwa wa kitu, na bei mliyokubaliana. Nusu ya karatasi abaki nayo mteja. Qurani imetuhimiza kuandika madeni, na amana si ndogo kuliko deni.

2. Bei ikitaka kupanda, mpigie kwanza. Usimshtukize siku ya kuchukua.

3. Ukibadilisha kitu, mrudishie kile cha zamani akione kwa macho yake.

4. Kazi ikikushinda, sema imenishinda. Mwelekeze kwa fundi mwingine. Riziki yako haitapungua.

5. Kazi ikichelewa, mtumie ujumbe asubuhi kabla hajapanda matatu.

6. Muuzaji, washa kitu mbele ya mnunuzi, andika dhamana ni ya miezi mingapi na inahusu nini. Na kikirudi, mkaribishe kwa uso ule ule uliomuuzia nao.

NILIVYORUDI CHWELE

Nimalizie kisa changu. Baada ya ile darsa nilinunua redio mpya nikaenda Chwele kumtafuta. Alhamdulillah nilimkuta hai, ameketi nje anachambua maharagwe. Nikapiga magoti nikamweleza yote, mpaka spika. Alinyamaza kidogo. Akasema, "Mjukuu wangu, nilikusamehe zamani. Lakini Ramadhani ile, siku ya Idi mimi nilifunga mpaka mchana. Nilijua ni Idi nilipopita sokoni nikaona watoto wawili wamevaa kanzu mpya."

Ndugu zangu, sikuwa na la kujibu. Nauli ningeweza kumlipa, na nilimlipa. Redio nilimpa. Ile asubuhi ya Idi ningemrudishia vipi? Kwa waya mmoja, kazi ya dakika kumi.

Akaipokea redio, akaiwasha, akaongeza sauti. Kisha akaniambia, "Hii ikiharibika nitakuletea wewe." Mpaka leo hilo ndilo neno zito kuliko yote niliyoambiwa katika kazi hii.

Tumuombe Mwenyezi Mungu azikubali saumu zetu, atusamehe tuliyowadhulumu wateja wetu, atupe nguvu ya kuwatafuta tukiwa bado hai na wao wako hai. Ewe Mola, tubarikie katika mikono yetu na riziki zetu, utujaalie miongoni mwa wafanyabiashara wakweli na waaminifu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.